Doa la mafuta juu ya miamba yetu: kisa cha ramani moja na kijiji kimoja cha pwani

Majina ya watu, kijiji, wilaya na taasisi zilizohusika yameondolewa. Nimeacha yale tu yanayoweza kumsaidia mwalimu, ofisa uvuvi au mwezeshaji mwingine anayefikiria kuwaonyesha watu ukubwa wa janga kwa kutumia ramani ya kubofya na kusogeza. Mwezeshaji katika kisa hiki ni mimi, na makosa mawili makubwa yaliyomo ni yangu.

Usuli

Kijiji kiko pwani ya kusini mwa Tanzania. Mbele yake kuna miamba ya matumbawe, pembeni mikoko, na kati ya mwamba na ufuko kuna maji mafupi ambamo akina mama wamefunga kamba za mwani. Wanaume wengi wanavua kwa mashua na ngalawa, wachache wana boti za faiba zenye mashine. Ukanda huu ndio wenye gesi: Songo Songo inazalisha tangu 2004, na Mnazi Bay iko chini zaidi, karibu na mpaka wa Msumbiji. Kwa hiyo meli za utafiti si kitu kigeni huko, wala wageni wenye mafaili.

BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za fukwe, ilikuwa imeomba elimu kuhusu uchafuzi wa bahari. Swali lao lilikuwa moja na halikuzunguka: mafuta yakimwagika, yatakuwa mengi kiasi gani na yatafika wapi?

Semina ya kwanza niliihudhuria kama msaidizi. Mtoa mada alisoma takwimu za ajali ya kisima cha Macondo huko Ghuba ya Mexico, akafika kwenye mapipa milioni 4.9, akaendelea na mada inayofuata. Hakuna aliyeuliza swali. Tulipotoka, nahodha mmoja mzee alinisimamisha kwenye kivuli cha mkungu, akaonyesha kwa kidevu pipa la bluu la maji lililokuwa nje ya ofisi ya kijiji. "Mwanangu, mapipa yenyewe ndiyo haya?"

Siyo hayo. Pipa la bluu lina lita 200 na ushei, pipa la wafanyabiashara wa mafuta lina lita 159. Nilipomweleza, alitikisa kichwa kwa adabu, nikaona kwamba sijamsaidia kitu. Hata ukilirekebisha pipa, milioni 4.9 haina umbo. Mtu anayejua bahari kwa saa za safari, kwa upepo na kwa majina ya miamba hana mahali pa kuiweka namba hiyo.

Hapo ndipo nilipopendekeza tulilete doa lenyewe kijijini, kwa ramani.

Janga lililochukuliwa kama mfano

Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimbia mafuta uitwao Deepwater Horizon, uliokuwa ukichimba kisima hicho cha Macondo, ulilipuka kiasi cha kilomita 66 kutoka pwani ya Louisiana, Marekani. Wafanyakazi 11 walikufa. Siku mbili baadaye mtambo ukazama, na mafuta yakaanza kutoka kwenye sakafu ya bahari, kina cha mita 1,500 hivi. Kisima kilizibwa tarehe 15 Julai, siku ya 87. Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba mapipa milioni 4.9 yalitoka, mwaka 2015 jaji wa shirikisho aliyesikiliza kesi aliamua kwamba yaliyoingia baharini yalikuwa milioni 3.19.

Nililichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, lilifuatiliwa kwa setilaiti karibu siku kwa siku, kwa hiyo mipaka ya doa ipo na inapatikana bure. Mwaka huohuo wa 2010 kulikuwa na ramani ya mtandaoni iliyolichukua doa hilo na kulilaza juu ya mji wowote utakaoutaja. Mamilioni ya watu waliosoma habari za ajali hiyo bila kuzielewa wangeweza kuliona doa likiwa juu ya barabara wanazopita kwenda kazini. Nilitaka wavuvi wetu waione bahari yao hivyohivyo.

Ya pili nilikuwa nimeibeba moyoni kwa muda. Siku za mwanzo umma uliambiwa kwamba yanatoka mapipa 1,000 kwa siku, kisha 5,000. Makadirio ya baadaye ya wataalamu wa serikali yalisema mwanzoni yalikuwa yakitoka mapipa kama 62,000 kwa siku. Miongoni mwa waliotilia shaka namba za awali ni shirika dogo la Marekani liitwalo SkyTruth na mtaalamu wa sayansi ya bahari Ian MacDonald. Walilipima doa kwenye picha za setilaiti, wakapiga hesabu, wakasema hadharani kwamba ukubwa unaoonekana juu ya maji haulingani na kiwango kinachotangazwa. Nilitaka watu wa kijiji kile wajue kwamba ramani inaweza pia kuwa mikononi mwa anayehoji.

Maandalizi na maamuzi

Nilitayarisha matabaka manne, yaani michoro inayolazwa juu ya ramani na kuwashwa mmoja mmoja, kwenye programu huria ya ramani:

- doa la tarehe 25 Aprili 2010, siku tano baada ya mlipuko, lililotajwa kuwa la kilomita za mraba zipatazo 1,500;
- doa la tarehe 30 Aprili, ambalo lilikuwa limefika kama 10,000;
- eneo lililofungwa kwa uvuvi tarehe 2 Juni, kilomita za mraba 229,270;
- eneo lote ambalo mafuta yalionekana juu ya maji siku moja au nyingine katika siku zote 87, zaidi ya kilomita za mraba 112,000.

Niliamua kila kitu kifanye kazi bila intaneti. Picha za setilaiti za pwani yetu nilizipakua mapema, maana mtandao wa kijiji kile hupatikana ukisimama karibu na msikiti, tena asubuhi. Uamuzi huo sijawahi kuujutia.

Niliamua pia kulinda umbali: kisima nilikiweka kilomita 66 kutoka ufukweni kwetu, kama kilivyokuwa Louisiana. Nilihofia kwamba nikikileta karibu nitakuwa nawatisha watu kwa makusudi.

Rangi niliyochagua ilikuwa nyeusi, nzito, sawasawa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hilo sikulifikiria hata dakika moja. Mafuta ni meusi, nikapaka nyeusi.

Siku yenyewe

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi baada ya swala ya alasiri. Shuka jeupe lilitundikwa juu ya ubao, projekta ikawekwa juu ya madawati mawili, jenereta ikawa inanguruma nyuma ya jengo. Walikuwepo wavuvi, wakulima wa mwani, mwenyekiti wa BMU, mtendaji wa kijiji, mwalimu wa Jiografia kutoka sekondari ya kata, na ofisa uvuvi, ambaye kule kila mtu humwita Bwana Samaki.

Sikuanza na mafuta. Nilianza na paa la shule. Tulipoikuza picha mpaka bati lenye kutu likaonekana, watoto waliojazana madirishani walipiga kelele, na watu wazima wakaanza kutafuta nyumba zao. Hilo lilichukua karibu nusu saa. Mwenyekiti aliniangalia kana kwamba tunapoteza muda, lakini nikaliacha liendelee. Mtu asiyeipata nyumba yake kwenye ramani hawezi kuamini chochote kingine atakachoonyeshwa humo.

Kisha nikaliweka doa la 25 Aprili. Lilitokea mbali upande wa mashariki, kwenye maji ya bluu iliyokolea. Nahodha mzee alilitazama, akasema, "Huko hatuvui. Huko ni kwa meli." Watu wakakubaliana naye, na nilisikia darasa zima likipumua. Kumbe umbali nilioulinda kwa nia njema ulikuwa umewaambia kwamba jambo hili haliwahusu.

Mwalimu wa Jiografia ndiye aliyeokoa hali. Alimwomba mzee asogee mbele, akamwekea mkono juu ya kipanya, akamwambia, "Mzee, livute wewe. Uliweke pale mnapovua." Mzee alikuwa hajawahi kushika kipanya. Doa liliruka kwanza likaenda nchi kavu juu ya mashamba ya mikorosho, watu wakacheka, akalirudisha taratibu mpaka likakaa juu ya miamba. Akaachia mkono. Kisha akaanza kutaja miamba, mmoja baada ya mwingine, kuanzia ule wa karibu ambao watoto huenda kuokota pweza maji yakitoka, mpaka ule wa mwisho ambao mashua huondokea alfajiri ili ifike jua likichomoza. Kila alipotaja jina aliweka kidole kwenye shuka, na kila mahali alipoweka kidole palikuwa peusi. Alipomaliza alisema, "Yote iko chini." Hakuna aliyecheka tena.

Nikawaambia kwamba lile doa lilikuwa na eneo karibu sawa na kisiwa cha Unguja, na kwamba siku tano baadaye lilikuwa kama Unguja sita. Nikalionyesha la 30 Aprili, ambalo hata nikilirudisha kwenye kilomita 66 zake lilifika ufukweni. Maswali sasa yalikuja kwa wingi. Mama mmoja mkulima wa mwani aliuliza kama mafuta hupita juu ya kamba au hushika kamba. Kijana mmoja aliuliza kama injini ya boti inaweza kuyavuta. Nahodha mwingine, mwenye boti ya faiba, alisema neno lililonifanya nisimamishe kila kitu: "Hilo umbo si la bahari yetu. Hapa mkondo unakwenda kaskazini. Kusi likivuma, doa halikai duara, linanyooka kama mkia na kulamba pwani kuelekea juu."

Alikuwa sahihi kabisa. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na kasi yake huongezeka wakati wa kusi. Ghuba ya Mexico ni bahari iliyozungukwa, ina mkondo wake unaojikunja na ina mto Mississippi unaomwaga maji mle. Doa lilipata umbo lake kutokana na hayo. Nilikuwa nimehamisha ukubwa, nikahamisha na umbo, nikiliacha kila jicho liamini kwamba yote mawili yanahusu huku. Nilimjibu kwamba ana haki, nikaliandika neno lake ubaoni, tukaendelea.

Eneo la kufungwa kwa uvuvi liligusa watu kuliko nilivyotarajia. Kilomita za mraba 229,270 ni zaidi ya Ziwa Victoria tatu, karibu robo ya Tanzania nzima. Niliwaeleza kwamba sehemu kubwa ya maji hayo haikuwa na mafuta yoyote ya kuonekana. Yalifungwa kwa tahadhari, ili samaki mwenye shaka asifike sokoni. Hapo mazungumzo yalihama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye sahani. Nani atanunua samaki wa pwani ambayo imetangazwa? Mchuuzi mmoja alisema hata uvumi tu unatosha. Maneno yale nilipaswa kuyasikia kwa masikio yote mawili.

Mwisho kabisa, giza likianza kuingia, nilionyesha tabaka la nne: eneo la siku zote 87. Kutoka kusini ya kijiji mpaka mbali kaskazini, shuka lote likawa jeusi. Kwenye kona kulikuwa na maneno mawili: "Doa la mafuta." Simu zikainuliwa, watu wakapiga picha, tukazima jenereta.

Kilichofuata

Kesho yake mchana Bwana Samaki alinipigia. Picha ya tabaka la nne ilikuwa imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ikavuka vijiji vitatu, na ilikofika ilikuwa na maneno mapya chini yake: mafuta yamemwagika kusini, yanakuja. Mnunuzi wa samaki wa mjini alikuwa ameahirisha gari lake. Akina mama wawili walikuwa wamekata mwani ambao haujakomaa ili wasiupoteze wote.

Mnunuzi alikaa siku mbili bila kuja. Kwa kaya zinazouza samaki leo ili zinunue unga leo, siku mbili si jambo la kupita hivihivi. Mwani uliokatwa mapema haukulipwa na mtu.

Tulichofanya kilikuwa hiki. Bwana Samaki na mwenyekiti walizunguka vijijini kwa bodaboda. Ilikuwa Alhamisi, kesho yake imamu alitoa tangazo baada ya swala ya Ijumaa. Mimi nilitengeneza picha nyingine ya tabaka lilelile, safari hii nikiandika katikati ya doa, kwa herufi zinazovuka picha yote: HILI HALIJATOKEA HAPA. GHUBA YA MEXICO, 2010. Nikaituma kwenye makundi yaleyale. Jumamosi gari la samaki lilikuja.

Nilikwenda kwa wale akina mama wawili kuomba radhi. Mmoja alinikaribisha mkeka, akanipa maji, akasema, "Wewe ulisema kweli, picha ndiyo haikusema." Sijapata maelezo bora zaidi ya kosa langu.

Kosa la pili lilikuja kwa njia ya utulivu zaidi. Mwalimu wa Jiografia alikuwa ameomba faili zangu ili afundishie. Alichukua zana ya kupimia iliyomo kwenye programu, akapima upana wa doa likiwa Ghuba ya Mexico, kisha akalipima likiwa kwetu. Kwetu lilikuwa pana zaidi. Kila kilomita 100 za mashariki-magharibi zilikuwa zimegeuka takriban 113. Alinitumia ujumbe mfupi: "Ndugu, doa lako limenenepa njiani."

Kikao cha pili

Wiki tatu baadaye tulirudi darasani, na nilianza kwa kueleza makosa yote mawili kabla ya kuwasha projekta. Kisha tukaangalia janga dogo kuliko la kwanza kwa mamia ya mara, lakini lililotokea kwenye Bahari ya Hindi hiihii.

Tarehe 25 Julai 2020 meli ya mizigo MV Wakashio, ikitoka China kwenda Brazil bila shehena, ilipanda mwamba wa Pointe d'Esny, kusini-mashariki mwa Mauritius. Ilikaa pale siku kadhaa. Tarehe 6 Agosti mafuta ya injini zake yalianza kuvuja, na kwa jumla zilitoka kama tani 1,000. Karibu yake kuna hifadhi ya bahari ya Blue Bay na kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes, mikoko na maji mafupi ya ndani ya mwamba. Wananchi walishona vizuizi vya kuelea kwa majani makavu ya miwa.

Kwenye ramani inayoonyesha pwani yote ya Tanzania, doa la Wakashio halionekani kabisa. Niliacha watu walitafute. Kisha tukakuza, tukakuza tena, mpaka shuka lote likawa ni mwamba mmoja na maji yaliyo nyuma yake, na hapo doa likajaza nafasi iliyo kati ya mwamba na ufuko. Yule mama wa mwani, aliyenipa maji, alisimama. "La kwanza lilikuwa kubwa la bahari," alisema. "Hili dogo ndilo linaloingia kwangu."

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni mkono wa mzee juu ya kipanya. Ningeweza kuonyesha picha ileile ikiwa imechapishwa, doa likiwa juu ya miamba ileile, na watu wangeitazama kama bango. Alipolivuta mwenyewe alikuwa anajibu swali lake mwenyewe, na majina ya miamba yalitoka kwake. Ukubwa ulipimwa kwa kipimo anachokilipia kila siku kwa makasia na petroli. Tangu siku ile sipeleki ramani mahali popote bila kumpa mshiriki nafasi ya kuisogeza, hata ikichukua muda wa vikao viwili.

Nusu saa ya kutafuta paa za nyumba nayo haikupotea. Ilitupa imani ya kuanzia, na ilimfundisha kila mtu kukuza na kupunguza kabla ya somo lenye uzito kuanza. Anayelijua hilo anaelewa pia kwa nini doa la Wakashio lilipotea kwenye ramani kubwa.

Vipimo vya nyumbani vilisaidia mradi viwe vya watu wale. Unguja walikuwa wamefika au wana ndugu huko. Ziwa Victoria walilijua kwa shule tu, na nyuso zao zilionyesha tofauti hiyo. Mfano wa urefu wa pwani niliuongeza kikao cha pili: mafuta ya 2010 yaligusa zaidi ya kilomita 2,100 za ufuko, na pwani yote ya Tanzania Bara kwa kawaida huhesabiwa kuwa kilomita 1,424. Lazima niseme kwamba urefu wa ufuko hutegemea unavyopima kila hori na kila mkunjo wa mikoko, kwa hiyo namba hizi mbili zinalinganishika kwa ukaribu tu.

Uchambuzi: kilichoharibika na sababu zake

Tabaka la nne halikuwa uongo. Ni kweli mafuta yalionekana kwenye eneo lote lile. Lakini hakuna siku hata moja ambayo yalilifunika lote kwa pamoja. Jumla ya siku 87 niliionyesha kwa rangi ileile, mtindo uleule na jina lilelile nililolipa doa la siku moja. Mtu yeyote angeelewa kwamba ni doa moja kubwa. Matabaka ya siku moja na matabaka ya jumla yanahitaji sura tofauti kabisa: la jumla liwe na mistari au vivuli, na jina lake litaje idadi ya siku.

Rangi nyeusi iliongeza uzito usiokuwepo. Sehemu kubwa ya doa la mafuta baharini ni utando mwembamba unaong'aa kama upinde wa mvua; mafuta mazito ya kushikika huwa ni sehemu ndogo ya eneo. Setilaiti za rada, ambazo ndizo zinazofaa zaidi kwa kuwa zinaona usiku na kupitia mawingu, hazioni hata rangi. Zinaona ulaini: mafuta hutuliza vijiwimbi, na maji yaliyotulia hutokea meusi kwenye picha. Nilipolieleza hili kikao cha pili, nahodha wa faiba alidakia kabla sijamaliza kwamba basi na shwari itaonekana nyeusi. Ndivyo ilivyo, na wachambuzi wa picha hizo hupambana na tatizo hilo kila siku. Yeye alilipata kwa sekunde tano, kwa kuwa ameshalala baharini kwenye shwari mara nyingi.

Kuna na yale ambayo ramani ya juu ya maji haiwezi kuyaonyesha hata ikichorwa vizuri. Katika ajali ya 2010 sehemu ya mafuta na gesi ilibaki chini, kwenye tabaka la maji lililo kina cha kilomita moja na zaidi, na dawa za kutawanya mafuta zilimiminwa juu ya maji na mdomoni mwa kisima. Nilipaswa kusema hivyo kikao cha kwanza. Nilisema cha pili.

Kuhusu kunenepa kwa doa: niliyahamisha majira-nukta ya doa (namba za latitudo na longitudo zinazotaja kila nukta ilipo) kwa digrii, nikitoa na kujumlisha tu. Digrii moja ya latitudo ina urefu karibu uleule popote, lakini digrii moja ya longitudo ni pana zaidi ikweta na hupungua kadiri unavyoelekea kwenye ncha. Kisima cha Macondo kiko karibu digrii 29 kaskazini. Kijiji kiko karibu zaidi na ikweta. Doa likavutika kwa upana. Ningekuwa nimeliburuta kwa jicho juu ya ramani ya kawaida ya mtandaoni ingekuwa mbaya zaidi, maana ramani nyingi za mtandaoni hutumia projeksheni ya Mercator, njia moja ya kuilaza dunia ya duara kwenye ramani bapa, ileile inayoifanya Greenland ionekane kama inalingana na Afrika ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Doa lingekua pande zote, na eneo lake lingezidi kwa zaidi ya robo. Njia sahihi ni kupima kila nukta ya ukingo kwa umbali na uelekeo kutoka kisimani, kisha kuichora upya kwa umbali na uelekeo uleule kutoka mahali papya. Baada ya hapo pima eneo kabla na baada, kama mwalimu alivyofanya. Ni kazi ya dakika kumi ambayo sikuifanya.

Asilimia 13 haikubadilisha hisia ya mtu yeyote darasani. Hata hivyo, nilikuwa nimekwenda pale kuwaambia watu kwamba ramani inaweza kuhoji namba rasmi. Ramani yenye kazi hiyo haina haki ya kuongeza hata kilomita moja.

Umbali wa kilomita 66 bado nauwaza. Niliulinda nikidhani natenda haki, na ukawatuliza watu bila sababu. Mzee alipouvunja ndipo walipoelewa, lakini hapohapo ramani ikawa haionyeshi tena kitu kilichotokea popote. Sasa naonyesha hali zote mbili na nazitaja kwa sauti: hapa ndipo lilipokuwa, na hapa tumelivuta sisi ili tulione. Sentensi hiyo inaandikwa pia ndani ya picha, juu ya doa lenyewe, kwa sababu simu hukata kona na husahau maelezo ya pembeni.

Hali ilivyo sasa

BMU iliomba ramani yao wenyewe. Tuliichapisha kwa ukubwa wa meza, wazee wakaijaza majina ya miamba kwa penseli, akina mama wakachora mipaka ya mwani, nahodha wa faiba akachora mishale miwili, ya kusi na ya kaskazi, na chini yake mshale mrefu wa mkondo. Hakuna doa lililochorwa. Pembeni kuna jedwali la nani apigiwe simu mtu akiona mafuta baharini, kuanzia mwenyekiti, Bwana Samaki mpaka wilayani. Safu ya mwisho inauliza nani ana vizuizi vya kuelea na viko umbali wa saa ngapi. Nilipoondoka ilikuwa bado tupu. Barua ya kuuliza imeshapelekwa halmashauri, na nakala yake imebandikwa ukutani chini ya ramani.